Jumamosi Isiyo na Kasoro

"Weka sahihi hapa chini, basi, kila mtu aendelee na kazi zake," alisema Inspekta Mektrida Kavishe.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili, afande."

Mektrida alivuta pumzi, akaiachia polepole kupitia puani. Tangu asubuhi alikuwa amegombana na dereva kwa sababu Landrova haikuwa na mafuta, na karani kwa sababu faili la kesi lilikuwa kabatini na ufunguo wa kabati ulikuwa umekwenda likizo Rombo. Sasa alikuwa anagombana na huyu mhandisi mwembamba wa miwani, aliyetakiwa kufanya jambo moja tu duniani: kuthibitisha kwamba karatasi iliyo mezani ilichapwa na mitambo ya kampuni yake.

Walikuwa wamekaa katika ofisi za Theluji, kampuni ya intaneti iliyopanga ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Ilikuwa mwaka 2004, na kila mwenye chumba cha uani mjini alikuwa akinunua kompyuta kuukuu nne, akachora neno "intaneti" mlangoni na kungoja wateja. Theluji ndiyo iliyowauzia njia. Data ilishuka kutoka setilaiti hadi dishi jeupe lililokaa juu ya paa, kisha ikarushwa kwa redio kwenda kwenye minara midogo milimani. Mmoja wa minara hiyo ulikuwa Masama, pembeni mwa mashamba ya kahawa, karibu na msitu.

Na hapo ndipo mlinzi wake, mzee Wenseslaus, alipokutwa Jumapili asubuhi.

Alikuwa sakafuni ndani ya kibanda cha mitambo, kichwa kimepasuka, hajitambui. Kibanda kilifungwa kwa nje. Mkewe, Kindness, aliona mumewe harudi kutoka zamu, akapanda na majirani wakavunja kufuli. Redio za mnara zilikuwa zimeng'olewa, betri nazo hazikuwepo. Mzee alikuwa bado anapumua, na mpaka leo Jumanne alikuwa amelala katika hospitali ya misheni iliyo chini ya mnara bila kufumbua jicho.

Kesi ilionekana rahisi. Meneja wa ufundi wa Theluji, Remigius Tarimo, alikuja polisi mwenyewe akiwa na grafu hii. Mstari wa kijani ulionyesha kiasi cha data kilichopita mnara wa Masama siku ya Jumamosi. Ulipanda na kushuka kutwa nzima, na magharibi ukadondoka hadi chini kabisa. Kwa hiyo wezi walifika magharibi. Na magharibi hiyo hiyo mama mmoja mkulima alimwona Godbless, fundi aliyefukuzwa na Theluji mwaka uliopita, akishuka njia ya mnarani na gunia begani. Godbless alisema lilikuwa na majani ya ng'ombe. Alisema hivyo akiwa amefura kwa hasira, na watu wenye hasira hawaaminiki upesi. Sasa alikuwa mahabusu, na mkuu wake Mektrida, Afande Filemon, alitaka apandishwe kizimbani kesho.

Mektrida naye angependa iwe hivyo. Tatizo lilikuwa sufuria ya kiburu.

Kindness alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana Jumamosi. Aliita getini, hakujibiwa, akadhani mzee anazunguka upande wa msituni. Akaacha sufuria ile ya ndizi na maharage pale walipozoea kuiacha, kwenye jiwe ndani ya uzio. Jumapili walipovunja kufuli, sufuria ilikuwa bado juu ya jiwe, kiburu kimejaa hadi ukingoni. Kama mzee alipigwa magharibi, kwa nini hakula mchana? Daktari naye alisema damu ilionekana kuganda kwa muda mrefu kuliko usiku mmoja, ila hawezi kuapa. Mektrida alipomweleza Afande Filemon, alijibiwa kwamba mtu anaweza kukosa hamu ya chakula bila kuomba kibali cha polisi.

"Violet," alisema sasa, akilegeza sauti. "Mdogo wangu. Sikuombi uniambie nani alimpiga mzee. Nakuomba useme grafu hii ni yenu. Ni yenu, si yenu?"

"Ni yetu."

"Imetoka kwenye kompyuta hii?"

"Imetoka hapa."

"Sasa shida nini?"

Violet Swai alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi. "Shida ni kwamba Jumamosi hii haina kasoro."

Mektrida alimkazia macho. Nje muuza magazeti alipita akitangaza habari za jana.

"Endelea," alisema. "Lakini kwa Kiswahili cha watu."

"Kazi yangu hapa ni kukadiria. Wateja wetu wakitumia data nyingi kuliko njia tuliyonunua, kila kitu kinakwama, watu wanapiga simu kutukana. Tukinunua njia pana kuliko mahitaji, kampuni inafilisika. Kwa hiyo nachukua takwimu za nyuma, naangalia nani anatumia kiasi gani, siku gani, saa ngapi, natengeneza hesabu inayotabiri wiki ijayo. Tunaiita modeli."

"Modeli. Sawa."

"Modeli yangu ya kwanza ilikuwa ya kizembe kidogo. Inachukua wastani wa kila saa, inaongeza kiasi kidogo cha bahati nasibu juu na chini, basi. Nikaja kugundua watu hawaji kwenye mtandao hivyo. Wanakuja kwa mafungu. Mtu mmoja anavuta wimbo, njia inajaa. Anamaliza, kimya. Halafu kafe nzima inafungua barua kwa pamoja, inajaa tena. Ukitazama mwezi mzima unaona milima na mabonde. Ukitazama saa moja peke yake bado unaona milima na mabonde. Haitulii hata ukiikaribia. Ona Ijumaa." Aligeuza kioo cha kompyuta. Mstari wa Ijumaa ulikuwa umechongoka ovyo, sehemu moja umelala, sehemu nyingine umesimama kama mwiba. "Sasa ona Jumamosi."

Mektrida aliinama. Mstari wa Jumamosi ulianza asubuhi ukiwa na miiba kama ndugu yake wa Ijumaa. Kisha, katikati ya asubuhi, ukabadilika tabia. Ulipanda taratibu kuelekea mchana, ukashuka taratibu kuelekea jioni, ukitetemeka kidogo tu njia nzima.

"Huyu anatetemeka," alisema.

"Eeh. Anatetemeka. Data ya watu haitetemeki, afande, inaruka. Huyu ni modeli yangu ya kwanza."

"Unamaanisha mtu ameandika uongo humu ndani?"

"Namaanisha mtu amechukua namba za modeli akazibandika kwenye faili mahali pa zile za kweli."

"Na hilo nikamweleze hakimu wa wilaya? Nisimame, niseme, mheshimiwa, tumwachie mshtakiwa kwa sababu mstari unatetemeka?"

"Hilo ni lako. Mimi umeniomba sahihi."

Mektrida alisimama akaenda dirishani. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu Ijumaa. Alijua akimpigia Afande Filemon na habari hii atakatiwa simu. Alikuwa pia na swali jingine, na aliliuliza bila kugeuka.

"Nani anaweza kubandika namba hizo?"

"Mwenye neno la siri la seva."

"Ambaye ni nani?"

"Mimi," Violet alijibu. Kisha akaongeza, "na bosi."

"Wewe ulikuwa wapi Jumamosi?"

"Nyumbani, nafua."

"Peke yako?"

"Watu wengi hufua peke yao, afande." Uso wa Violet ulikuwa umeanza kuwiva. "Kama ningetaka kughushi, ningetumia modeli mpya. Hata mimi mwenyewe nisingeitambua. Mtu aliyefanya hivi anaamini kwamba wastani unatosha. Mwaka mzima nabishana na mtu huyo."

"Tarimo."

"Sijasema jina. Nasema tu kwamba kila mwezi nampelekea makadirio, na kila mwezi mnara wa Masama unatumia zaidi ya nilivyokadiria. Minara mingine nakaribia. Masama, kamwe. Ananiambia hesabu zangu mbovu, chuo kilinipa shahada kwa huruma. Nimezirudia mpaka nikaota. Pale kuna wateja watatu tu: kafe ya mama Salvina pale sokoni Kwa Sadala, hospitali ya misheni, na ofisi ya chama cha wakulima. Nimewajumlisha kila namna. Kuna kitu kinaliwa pale ambacho sikijui." Akaivaa miwani yake haraka na kuisogelea kompyuta, akafungua kitu kingine, akakiweka juu ya kile cha kwanza. Mistari miwili ililala mmoja juu ya mwingine kama nyuzi mbili za mshono.

"Nini?" Mektrida aliuliza.

"Modeli haijawahi kuwa sahihi Masama. Hata siku moja. Jumamosi kuanzia katikati ya asubuhi imekuwa sahihi kabisa."

Hili Mektrida alilielewa bila kuelezwa. Alichukua kofia yake.

"Una viatu vya kupandia?"

Landrova ilipata mafuta baada ya Mektrida kutoa maneno ambayo dereva hakuyategemea kutoka kwa mwanamke mwenye rozari shingoni. Walikwenda kwanza Kwa Sadala. Soko lilikuwa limekwisha, akina mama wakikusanya mikungu iliyobaki. Kafe ya Salvina ilikuwa chumba kimoja kando ya mashine ya kusaga, na Salvina mwenyewe, mama mnene mwenye kitenge cha maua, alikuwa nyuma ya meza akimwelekeza mteja jinsi ya kuandika ile alama ya "at".

Mektrida alikuwa amejiandaa kumuuliza maswali marefu. Alianza na dogo. "Mama, Jumamosi mchana intaneti ilikuwa inafanya kazi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Si kafe ni yako?"

"Jumamosi tulifunga. Binti yangu alipata kipaimara. Kutwa nzima tuko kanisani, halafu nyumbani, ndafu, mbege, wajomba wamelewa, mimi nina nafasi ya kukaa na kompyuta?" Alivuta droo akatoa picha zilizotoka kusafishwa, msichana wa gauni jeupe kando ya mbuzi mzima wa kuchomwa. "Huyu hapa. Doris wangu. Kompyuta zote nilizima Ijumaa jioni nikachomoa nyaya, maana watoto wa wageni wana mikono."

Mektrida na Violet walitazamana.

"Ulimwambia mtu wa Theluji kwamba utafunga?"

"Kwani lazima niombe ruhusa kwao binti yangu akipata kipaimara?"

Hospitalini, karani wa mapokezi aliwaambia kompyuta yao ilipigwa na radi wiki iliyotangulia, iko kwa fundi Moshi. Ofisi ya chama cha wakulima ilikuwa na kufuli, na kwenye mlango maandishi ya rangi yaliyosema wazi kwamba Jumamosi na Jumapili hawafungui. Mektrida aliyasoma kwa sauti, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mchana wa Jumamosi hapa Masama hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye intaneti," alisema.

"Na grafu inaonyesha wamejaa," Violet alisema. "Modeli haijui kipaimara."

"Hakimu anajua."

Walipanda mnarani kwa miguu, maana barabara iliishia kwenye migomba. Askari aliyewekwa kulinda alipiga saluti huku akitafuna muwa. Mektrida alikwisha kukikagua kibanda Jumapili, akatafuta nyayo, damu, kipande cha nguo. Hakuwahi kuutazama mnara wenyewe. Hakujua cha kutazama.

Violet alijua. Alizunguka chini ya vyuma akiwa ameinua kichwa. "Pale palikaa redio ya Kwa Sadala. Pale hospitali. Ile ya chama cha wakulima." Alinyoosha kidole upande mwingine, ule unaotazama msituni. "Na pale?"

Chuma chote cha mnara kilikuwa na ukungu wa kijani na vumbi jekundu. Upande wa msituni, juu kidogo ya kimo cha mtu aliyesimama kwenye ngazi, palikuwa na mkanda uliong'aa, safi, na matundu mawili ya skrubu yasiyo na kutu.

"Pana kitu kilifungwa pale," Mektrida alisema.

"Pana mteja wa nne. Ile miiba ya Jumamosi asubuhi ni yake. Anayetazama huko." Violet aligeuka kufuata uelekeo. Juu ya vilele vya miti, chini ya mawingu, kwenye bega la mlima, lilionekana paa jipya la makuti la hoteli ya watalii iliyofunguliwa mwaka jana. Wageni wake walijulikana kwa kutuma picha za mlima nyumbani kwao kila jioni. "Hawapo kwenye orodha ya wateja wetu. Hawajawahi kuwepo." Alikaa chini kwenye jiwe. "Mwaka mzima ananiambia sijui hesabu."

Mektrida alikuwa anawaza mzee aliyekaa hapa usiku na mchana, ambaye bila shaka aliona redio ya nne ikifungwa, na pengine siku moja akauliza.

Remigius Tarimo aliwapokea ofisini kwake kwa bashasha. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliagiza chai. Aliuliza hali ya mzee Wenseslaus kwa sauti ya huzuni iliyopimwa vizuri. Mektrida alimwambia Violet angoje nje, akatoa karatasi za maelezo.

"Nimekuja kufunga faili, mzee Tarimo. Mkuu wangu anataka kesi iende kesho. Nataka maelezo yako yawe mazito ili wakili wa Godbless asipate pa kushika."

"Kwa furaha kabisa. Huyo kijana alitishia watu hapa siku alipoondoka."

"Wewe Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Asubuhi nilikuwa kwenye pilikapilika za harusi. Kuanzia mchana nilikuwa na bwana harusi, mimi ndiye msimamizi wake. Kuna video."

"Nimesikia ni video nzuri. Sasa kuhusu mnara. Wakili atauliza, mnajuaje kwamba ulikuwa mzima mpaka magharibi?"

"Data ilikuwa inapita. Grafu inaonyesha."

"Atauliza, data ya nani?"

"Ya wateja."

"Kwa mfano?"

Tarimo alitabasamu, kama mwalimu kwa mwanafunzi mzito. "Kwa mfano kafe ya Kwa Sadala. Jumamosi ndiyo siku yao kubwa. Ukiangalia hapa saa saba, saa nane, mstari umepanda. Hao ni watu wa kafe."

"Niandike hivyo? Kwamba mchana kafe ya Salvina ilikuwa inatumia mtandao kupitia mnara wa Masama?"

"Andika."

Mektrida aliandika kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya masista, akamsogezea. Tarimo alisoma, akatoa moja ya zile kalamu, akaweka sahihi na tarehe. Chai ililetwa. Mektrida aliongeza sukari, akakoroga.

"Jumamosi Salvina alifunga kafe," alisema. "Binti yake alipata kipaimara. Nyaya zilichomolewa tangu Ijumaa."

Tarimo aliirudisha kalamu mfukoni.

"Kompyuta ya hospitali iko kwa fundi. Chama cha wakulima hawafungui Jumamosi. Uliona hakuna aliyepiga simu kulalamika, ukapata moyo, ukadhani hawajagundua. Ungejiuliza kwa nini hawakupiga, usingebandika zile namba kusogeza tukio hadi magharibi, wakati wewe uko mbele ya kamera."

"Huyo Violet ana chuki na mimi. Yeye ndiye anayejua kuchezea..."

"Sahihi hii ni ya Violet?"

Tarimo aliitazama karatasi kama mtu anayetafuta kosa la tahajia.

"Tumeona mahali ilipokuwa redio ya nne," Mektrida aliendelea. "Askari wangu wako njiani kwenda hotelini kuuliza intaneti yao wanaipata kwa nani. Mimi nimechoka, mzee Tarimo. Tangu Jumapili kila ninayemuuliza ananiambia kompyuta ndiyo inasema. Sasa usiniambie tena kompyuta inasema nini. Niambie wewe."

Ilichukua muda. Alianza na mambo ya pembeni, jinsi wakurugenzi wanavyombana, jinsi hoteli ilivyomfuata yenyewe. Kisha akafika Jumamosi asubuhi. Wenseslaus alikuwa amemwambia wazi kwamba atauliza ofisini kuhusu ile redio isiyo na namba, kwa sababu akiulizwa yeye kama mlinzi hatakuwa na jibu. Tarimo alipanda kuishusha kabla harusi haijaanza. Wakabishana kwenye ngazi.

"Nilimsukuma tu. Kichwa kikagonga ukingo wa saruji. Sikukusudia, afande."

"Ukafanya nini?"

"Nikamvuta ndani, asipigwe na jua. Nikang'oa vifaa vingine vyote, ili... ili ionekane."

"Halafu ukafunga kwa nje."

"Ndiyo."

"Alikuwa amekufa, kwa jinsi ulivyoona?"

Tarimo alitazama mikono yake. "Alikuwa anapumua."

Mektrida alikuwa na maswali mengine tayari, yalikuwa yamepangana vizuri kichwani mwake, na yote yalitawanyika. Aliona meza kuu, keki, kamera ya video, na mtu huyu wa kalamu mbili akinyanyua glasi. Aliona sufuria juu ya jiwe, na mwanamke anayeita getini akidhani mumewe yuko msituni.

"Hospitali iko chini pale," alisema hatimaye. "Unaweza kuiona ukiwa mnarani."

"Watu wangeuliza nilikuwa nafanya nini kule."

Alimpa karatasi mpya. Akamwambia aandike hilo mwenyewe, kwa mkono wake, maneno yale yale, na asiongeze lolote. Alipomaliza, alimwita askari.

Nje barazani Violet alisimama. Aliona pingu, akarudi nyuma kupisha njia, na bosi wake alipita bila kumtazama.

Godbless aliachiwa jioni hiyo. Mektrida alikwenda mwenyewe kumfungulia, akijiandaa kusema maneno ya pole. Godbless aliyasikiliza yote. Kisha akauliza ng'ombe wake walilishwa na nani siku hizi zote, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akatoka haraka bila kuaga, mkanda wa suruali ukiwa bado mkononi. Afande Filemon alipiga simu kutaka kujua ataandika nini kwenye taarifa kwa mkoa. Mektrida alimwambia aandike ukweli, akakata, kisha akakaa akiitazama simu kwa mshangao wa mtu aliyemkatia mkuu wake.

Kesho yake alipanda tena Masama. Kindness alikuwa ameketi kando ya kitanda, mabega yamefunikwa kanga, na Mektrida akamwamkia shikamoo kabla ya kumweleza. Alimweleza kwa maneno machache. Mama yule hakulia. Alisema Tarimo aliwahi kuwaletea sukari wakati wa Krismasi, na kwamba walimwombea.

Ndipo mzee kitandani akasogeza kichwa. Lilikuwa jambo dogo sana, kama mtu anayetafuta upande wa mto ulio baridi. Kindness aliinama. Jicho moja lilifumbuka, likazunguka dari, likamwona askari mwenye sare, likabaki hapo.

"Nani yuko getini?" mzee aliuliza. Sauti ilikwaruza, karibu isisikike.

Kindness alimgeukia Mektrida. Kwa siku hizo zote Mektrida alikuwa amewauliza watu maswali, akakasirishwa na majibu yao. Sasa aliulizwa yeye.

"Askari wangu yuko, mzee," alisema. "Pumzika."

Wenseslaus alimtazama kwa mashaka ya mlinzi aliyezoea kukabidhi zamu vizuri.

"Amepewa ufunguo?"

"Amepewa," Mektrida alisema, na mzee akafumba jicho lake.